Makafi ya Wagenia: Kwa Nini Mchango wa Mwaka Huu Unakwenda Mtoni

Hotuba ya halmashauri ya chama kwenye mkutano wa mchango wa mwaka



Tunawashukuru mliofika kutoka mbali. Wapo waliotoka Kinshasa, Bukavu na Goma. Wapo waliovuka mpaka kutoka Kampala na Nairobi. Wapo walioko Ulaya ambao hawakupata ruhusa ya kazi, lakini salamu zao na bahasha zao zimefika. Sote tumezaliwa, au wazazi wetu wamezaliwa, mahali ambapo mtu hulala na kuamka na ngurumo ya maji. Mtoto wa kwetu akienda kulala kwa mara ya kwanza mbali na mto, asubuhi husema usiku ulikuwa kimya mno.

Halmashauri imepewa kazi ya kujibu swali moja. Limeulizwa katika matawi yetu karibu yote, tena na watu wanaoipenda nyumbani kwa moyo. Swali ni hili: "Madarasa bado yanahitaji madawati. Zahanati bado inahitaji dawa. Kwa nini mwaka huu mnataka fedha zetu ziende mtoni, kwenye makafi, kamba na jile?" Hilo ni swali la haki, na mchangiaji ana haki ya kuuliza kabla ya kufungua mkoba. Tunaomba subira yenu tulijibu kwa utaratibu.

Tuanze na mto wenyewe, kwa sababu watoto wetu wengi waliozaliwa ugenini wanaujua kwa picha tu.

Mto Congo una urefu wa kilomita 4,700 hivi, na kwa wingi wa maji ni wa pili duniani baada ya Amazon. Huko juu unaitwa Lualaba. Unatoka kusini ukipanda kaskazini, unapita Kindu, unafika Ubundu, mji ambao wazee waliujua kwa jina la Ponthierville. Kutoka Ubundu mpaka Kisangani, mwendo wa kilomita 100 hivi, mto hautulii. Unashuka ngazi 7. Hayo ndiyo maporomoko ya Boyoma, ambayo ramani za zamani ziliyaita Stanley Falls. Katika ngazi hizo hizo mto unavuka mstari wa ikweta, kisha unapinda kuelekea magharibi. Ngazi ya 7, ya mwisho, ni ya kwetu.

Mgeni akisikia neno maporomoko, hutafuta ukuta mrefu wa maji kama ule wa Zambezi. Akifika kwetu hushangaa, maana ngazi zote 7 kwa pamoja zinashuka mita 60 tu hivi. Lakini akisimama juu ya jiwe na kuyaangalia maji dakika chache, huanza kurudi nyuma mwenyewe. Nguvu ya mto wetu iko kwenye wingi wake. Ni mto mzima wa Lualaba, uliokusanya maji tangu Katanga, unaopita katikati ya miamba kwa haraka. Waliosoma fizikia wanajua hesabu hii: kasi ya maji ikizidi mara 2, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara 4. Mwanafunzi huisoma ubaoni. Mpiga kafi huisoma kwenye mabega yake.

Chini ya ngazi yetu mto unatulia, na meli zinaweza kwenda mpaka Kinshasa, kilomita 1,700 hivi. Ndiyo sababu mji ulikua hapo. Mizigo iliyopanda kwa meli ilibidi ishushwe, maana hapakuwa na meli ya kupanda ngazi zile. Wakoloni wakajenga reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto mpaka Ponthierville, ikafunguliwa mwaka 1906, ili kuyakwepa maji yale. Wazee wetu hawakuyakwepa. Waliishi ndani yake.

Mmekwisha kuona picha za magogo yaliyosimamishwa katikati ya maporomoko, yamefungwa matatu matatu na kuunganishwa kwa kamba za msituni. Picha hizo ziko kwenye vitabu, kwenye stempu na kwenye kuta za hoteli. Kinachosahauliwa ni kazi iliyo nyuma yake. Mwamba wa kwetu una matundu yaliyochimbwa na mto wenyewe kwa miaka mingi mno. Gogo husimikwa katika tundu wakati maji ni madogo. Juu yake hutegwa migono mikubwa yenye umbo la pembe, mdomo ukielekea kule maji yanakotoka. Samaki akiingia, nguvu ya maji humzuia asigeuke. Hakuna chambo wala mota. Mto wenyewe ndio unaovua, na mtu anakwenda kuchukua.

Lakini kwenda kuchukua ndiyo kazi. Mgono uko pale ambapo maji ni makali kuliko pote, na njia ya kuufikia ni mtumbwi. Kwa hiyo uvuvi wetu wote, tangu kapiteni anayeuzwa sokoni mpaka samaki wa liboke anayeliwa kwa lituma Jumapili, umesimama juu ya ujuzi mmoja, nao ni kupiga kafi katika maji makali. Gogo likioza hukatwa jingine, na mgono ukichanika husukwa mwingine. Mwenye ujuzi akifa bila kufundisha, kitu hicho hakinunuliki.

Sasa turuhusuni tueleze ujuzi huo kidogo. Wazee mtatusamehe tukieleza mnayoyajua tangu utotoni. Tunawaambia vijana wetu.

La kwanza ni kuyasoma maji. Maji yana alama. Pale yanapochora mkuki wenye ncha inayoelekea chini ya mto, pana njia kati ya mawe mawili. Ncha ikielekea juu ya mto, chini yake kuna jiwe, hata kama hulioni. Pale maji yanapoanguka nyuma ya jiwe kisha yakageuka kurudi juu, yakiwa meupe kwa povu, usipite. Povu ni maji yaliyochanganyika na hewa. Halibebi mtumbwi vizuri, halibebi mtu vizuri, na kafi haipati cha kushika. Maji yale yanaweza kumzungusha mtu pale pale kama nguo inayofuliwa.

La pili ni kuyatumia maji yanayorudi. Nyuma ya kila jiwe kubwa, na pembeni mwa kila ukingo, kuna maji yanayokwenda kinyume na mto. Mgeni huyaogopa. Mpiga kafi wa kwetu huyatumia kama ngazi ya kupandia. Huingia nyuma ya jiwe, hupumzika, huvuta pumzi, kisha huruka mpaka jiwe linalofuata. Hivyo mtumbwi hupanda mto ambao ukitazamwa kwa macho tu haupandiki.

La tatu ni kuvuka. Hapa ndipo watu wengi hufa, kwa hiyo tunaomba vijana wasikilize. Mtumbwi hauelekezwi moja kwa moja ng'ambo. Ukifanya hivyo, mto unaupiga ubavuni na kuushusha mpaka kwenye mawe. Kichwa cha mtumbwi huelekezwa kule maji yanakotoka, kikainamishwa kidogo upande unaotaka kwenda. Hapo mkondo wenyewe huusukuma mtumbwi kwenda ng'ambo. Wapiga kafi kazi yao kubwa ni kuuzuia usirudishwe chini. Ukiinamisha kichwa mno, unageuzwa. Ukikiinamisha kidogo mno, unabaki pale pale ukichoka. Kipimo hicho hakimo kitabuni. Kimo katika miguu ya yule anayesimama nyuma, anayesikia mtumbwi unavyotetemeka.

La nne ni kupiga kafi pamoja. Kwetu wanaume husimama katika mtumbwi, makafi marefu mikononi, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Watalii hupiga picha wakidhani ni burudani. Wimbo ndio saa ya mtumbwi. Kafi 12 zikiingia majini kwa wakati mmoja, mtumbwi unaruka mbele. Zikiingia kila moja kwa wakati wake, mtumbwi unayumba, na maji makali yanausubiri uyumbe. Ndiyo maana wazee walisema mtu mgomvi asipakiwe siku ya maji mengi, hata kama ana mikono ya chuma.

Mnaona basi kwamba tunazungumzia elimu, yenye somo la kusoma, somo la hesabu na somo la nidhamu. Shule yake ni mto, na walimu wake ni wazee wachache ambao kila mwaka wanapungua.

Kuna kisa kimoja cha zamani ambacho vijana wetu wanapaswa kukijua, kwa sababu kinaonyesha mto huu unavyowapima watu wote sawa. Mwezi wa Januari mwaka 1877, Stanley alishuka maporomoko haya na msafara wake wa watu wa Unguja na Bara. Wazee wetu hawakuwakaribisha. Walikuwa wameona misafara ya pembe na ya kuteka watu ikikaribia kutoka Nyangwe, na walipigana. Msafara ulilazimika kukata njia msituni na kuburuta mitumbwi nchi kavu kando ya maporomoko, ngazi baada ya ngazi.

Katika ngazi mojawapo, mtumbwi mmoja ulichukuliwa na maji na kupasuka kwenye ncha ya jiwe. Mtu wa msafara aliyeitwa Zaidi akabaki amelikumbatia jiwe lile, maporomoko yakiwa yanamwagika kulia na kushoto kwake. Walioko ukingoni walisuka kamba kwa mitambaazi ya msituni na kwa kamba za mahema, wakateremsha mtumbwi. Kamba ikakatika. Ndipo Uledi, nahodha wa mashua yao, akajitolea kushuka na mtumbwi mwingine, pamoja na kijana aliyeitwa Marzuk. Walimfikia Zaidi, kamba zikakatika tena, na wote 3 wakatupwa kwenye kijisiwa kidogo katikati ya maji. Walilala pale usiku kucha, bila moto, ngurumo ikiwa pande zote. Kesho yake wenzao walifanikiwa kuwarushia kamba, na wakavutwa mmoja mmoja mpaka ukingoni wakiwa hai.

Kisa hiki tunakitaja kwa sababu mbili. Kwanza, kilichomwokoa Zaidi hakikuwa bunduki wala fedha za magazeti. Kilikuwa kamba, mtumbwi, na mtu mmoja aliyejua maji na kukubali kushuka. Pili, kamba zilikatika mara kwa mara, kwa sababu zilisukwa siku ile ile, mtu akiwa tayari juu ya jiwe. Kamba husukwa kabla. Huo ndio ujumbe wetu wa leo kwa ufupi, na mkisahau mengine yote tunawaomba mkumbuke huo.

Tangu wakati ule dunia imekuwa ikija kuyatazama maji makali ya Congo. Mwaka 1985 mtangazaji maarufu wa televisheni ya Ufaransa, Philippe de Dieuleveult, na wenzake walipotea wakijaribu kupita Inga kwa boti za mpira. Mwaka 2011 wapiga kafi 4, Steve Fisher wa Afrika Kusini akiwa kiongozi wao, waliyapita maji ya Inga kwa kayaki, baada ya kuyachunguza kutoka juu kwa helikopta. Hata sinema iliyotolewa mwaka 1951, *The African Queen*, inayosimulia mashua inayoshuka maji makali, ilipigwa kwa sehemu kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu.

Hatuwaonei wivu watu hao. Walijaribiwa na mto kama kila mtu. Lakini tuangalie walichokuja nacho. Wale waliopita Inga wakiwa hai walivaa kofia ngumu na jaketi nene za kuelea, na kila mmoja alijua ishara za mwenzake. Mtu aliyejizoeza maisha yake yote bado anavaa jaketi. Kwetu mzee aliyejizoeza maisha yake yote anashuka na kaptula, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa kitu kingine.

Tuangalie pia majirani. Tangu miaka ya 1990 watu wa Jinja, Uganda, wameona wageni wakija kushuka mto Nile kwa boti za mpira. Mwanzoni waongozaji walikuwa wageni. Baadaye vijana waliozaliwa ukingoni, waliokuwa wakitazama tu, walijifunza, wakawa waongozaji wenyewe na walinzi wa usalama kwenye kayaki. Ilikuwa kazi ya mshahara. Kisha mabwawa ya umeme yakaja. Maporomoko ya Bujagali yalizama bwawa la umeme la pale lilipojazwa mwaka 2011, na baadaye bwawa la Isimba likafunika maji mengine. Hatusemi umeme ni mbaya. Sote tunajua giza la nyumbani. Tunasema kwamba vijana wa Jinja walipata kitu kwa sababu ujuzi wao ulikuwa na utaratibu. Walifundishwa, walipimwa, walivaa vifaa, na mgeni aliweza kuwakabidhi maisha yake bila wasiwasi. Vijana wetu wana damu ya mto kuliko mtu yeyote, lakini hawana utaratibu huo. Mgeni anakuja, anapiga picha, anatoa franka chache, anaondoka.

Hata hivyo, tungekuwa tunawadanganya tukisema tunachangisha kwa ajili ya watalii. Sababu yetu kubwa iko karibu zaidi.

Kila siku ya Mungu watu wa kwetu huvuka mto. Mama anatoka Lubunga na mihogo na mkaa, anavuka kwenda kuuza mjini. Mwanafunzi anavuka. Mgonjwa anavushwa. Mtumbwi umejaa mifuko, mbuzi, baiskeli za toleka, na mama waliobeba watoto mgongoni. Maji yanafika vidole viwili chini ya ukingo wa mtumbwi. Mota ikizimika katikati, mto haungoji iwashwe tena. Wengi wa abiria hao hawajui kuogelea, nasi tunaosema haya tuna ndugu kati yao.

Hatutataja majina leo. Kila familia iliyomo humu ndani ina jina moja ambalo halitajwi karibu na maji.

Na ajali inapotokea, nani huitwa? Huitwa mvuvi. Hutupa mgono wake, hushika kafi, huingia katika maji yale yale yaliyomshinda mwenzake, bila jaketi, bila kamba ya kurusha, usiku bila hata tochi. Akirudi na mtu hai, watu humpigia vigelegele, kisha anakwenda nyumbani na nguo mbichi. Asiporudi, tunachanga kwa ajili ya mazishi. Chama chetu, ndugu zetu, kimekuwa hodari sana wa kuchanga kwa ajili ya mazishi. Vitabu vyetu vya hesabu vinaonyesha hivyo, na hakuna aibu katika kuzika watu wetu kwa heshima. Lakini tunauliza kama fedha hizo hizo haziwezi kufika mapema kidogo.

Kwa hiyo halmashauri inapendekeza mambo manne.

Jambo la kwanza ni jaketi za kuelea, zile ambazo nyumbani tunaziita jile. Tunaomba 80 kwa kuanzia. Za watu wazima zitakaa katika mitumbwi ya kuvusha abiria na kwa wavuvi walioandikishwa kuwa waokoaji. Sehemu moja itakuwa ya saizi ya watoto, kwa sababu jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani mara tu anapoanguka majini. Zitaandikwa namba, zitahesabiwa kila mwezi, na atakayeuza moja atajibu mbele ya wazee.

La pili ni kamba za kurusha na mtumbwi mmoja wa uokozi wenye kafi zake na taa zake, utakaokaa karibu na ngazi ya mwisho mchana na usiku. Kwa kamba nzuri mtu anaweza kumwokoa mwenzake akiwa amesimama juu ya jiwe kavu. Hivyo tunapunguza maiti wa pili, yule anayekufa akimfuata wa kwanza.

La tatu ni shule ya mto. Siku za Jumamosi na wakati wa likizo, wazee wapiga kafi watawafundisha watoto, wavulana na wasichana, kwenye maji tulivu kwanza. Watoto watajifunza kuelea na kuogelea. Watajifunza kwamba mtu aliyeangukia maji makali hulala chali, miguu ikitangulia kuelekea chini ya mto, wala hajaribu kusimama, kwa sababu mguu ukibanwa kati ya mawe mto unamlaza na kumzamisha. Watajifunza kushika mtumbwi uliopinduka wakiwa upande wa juu ya mto, wasije wakabanwa kati yake na jiwe. Baadaye, wale wenye moyo watajifunza kusoma maji makali na kuvuka.

La nne ni posho ya walimu hao. Mzee anayeacha migono yake asubuhi nzima ili afundishe watoto wetu anaacha chakula chake. Tusimwombe afanye kwa upendo tu wakati mwalimu wa hesabu tunamlipa.

Tunajua maswali yaliyobaki. Wapo wazazi wanaosema, "Mtoto wangu nimempeleka shule ili asiwe mvuvi kama babu yake. Sasa mnamrudisha mtoni?" Mzazi mwenzetu, tunakuelewa. Lakini mtoto huyo huyo anavuka mto kwenda shule. Awe daktari, awe mwanasheria, awe mwalimu, siku moja atapanda mtumbwi kuja kukusalimia. Kujua maji hakumfanyi mtu kuwa mvuvi. Kunamfanya afike.

Wapo wanaouliza kuhusu madarasa na zahanati. Ahadi yetu ni kwamba mfuko wa madarasa haujaguswa na hautaguswa. Mchango wa leo ni wa mto peke yake. Na tunawaomba mtafakari hili: dawati linamsubiri mtoto aliye hai. Zahanati inampokea mgonjwa aliyefika ng'ambo. Mto uko mbele ya milango yote miwili.

Wapo pia wanaosema serikali ndiyo inayopaswa kulinda vivuko. Ni kweli, na barua zetu kwa wakuu wa komine zitaendelea. Lakini maji hayasomi barua. Tutakapokuwa na orodha ya waokoaji, vifaa vyenye namba na watoto wanaojua kuogelea, tutakwenda mbele ya wakuu tukiwa na kazi ya kuonyesha.

Sasa tunafika kwenye bahasha. Ombi la halmashauri ni kwamba kila familia ichukue jaketi moja. Familia mbili ndogo zinaweza kuungana. Matawi ya ng'ambo tunawaomba mchukue kamba na taa, kwa sababu vitu hivyo vizuri vinapatikana kwa urahisi huko mliko, na ndugu anayesafiri anaweza kuvibeba. Tawi la Kinshasa limeombwa kubeba mtumbwi wa uokozi. Akina mama wa chama wameshasema, kabla hata hatujamaliza kueleza, kwamba jaketi za watoto ni zao. Tunawapigia makofi.

Asiye na fedha leo asiondoke na aibu. Tunahitaji fundi wa kushona jaketi zinapochanika. Tunahitaji kijana mwenye kuandika vizuri, akae na wazee ayaandike majina wanayoyaita mawe, mikondo na njia za ngazi yetu, kwa sababu majina hayo ndiyo ramani na hayako popote isipokuwa vichwani mwao. Tunahitaji wenye simu nzuri wawarekodi wakieleza. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kina nafasi ya kila mtu.

Hesabu za mwaka uliopita zimechapishwa katika kurasa za mwisho za kitabu hiki. Zisomeni. Mkiona jambo lisiloeleweka, mweka hazina yuko hapa mpaka jioni na hakimbii. Mkutano wa mwaka ujao tutaleta orodha ya jaketi kwa namba zake, majina ya walimu, na majina ya watoto waliojua kuogelea. Hiyo ndiyo risiti tunayowaahidi.

Wazee wetu walisimika magogo katika mwamba ambao mto mzima ulishindwa kuung'oa. Hakuna aliyesimika gogo peke yake. Mmoja alishika, mmoja alifunga kamba, mmoja aliuzuia mtumbwi usichukuliwe, na mmoja alikaa juu akiangalia maji. Leo meza ya mchango iko mkono wa kulia, karibu na mlango. Tunawaomba mwanze na wazee, kisha akina mama, kisha sisi wengine.